Mama Alipokuwa na Mawazo

Mwezi uliopita lori la kubeba majani chai liliharibika kabla tu ya kufika Litein, nasi tuliokuwa nyuma yake tukakaa barabarani karibu saa nzima. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha. Niliteremsha kioo cha gari na harufu ikaingia: majani mabichi yaliyojazwa kwenye magunia ya neti, yakiwa yameanza kujipasha joto yenyewe kabla ya kufika kiwandani. Inafanana kidogo na nyasi zilizokatwa, kidogo na tunda lililoiva kupita kiasi. Watu wa kwetu hawaisikii tena kwa sababu wamezaliwa ndani yake. Mimi nimeishi mjini miaka mingi, kwa hiyo niliisikia, na badala ya kuhangaikia mkutano niliokuwa nauchelewea, nilijiona tena niko darasa la tatu, nimevaa sweta ya shule iliyotoboka kiwiko, nachuna chai peke yangu asubuhi na mapema ili mama yangu asisumbuliwe.

Nyumba yetu ilikuwa kwenye mteremko, chai ikianzia mlangoni na kushuka hadi mtoni. Baba alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda kimoja upande wa Kericho na alikuja nyumbani kila mwisho wa mwezi. Kazi yote ya nyumbani ilikuwa ya Mama. Alikuwa mtu wa kuongea akifanya kazi. Aliongea na ng'ombe akimkamua, aliwagombeza kuku, na akiwa katikati ya chai ungesikia sauti yake tu, kichwa hakionekani, akisimulia jambo kwa jirani aliyekuwa shamba la pili. Mimi nilidhani akina mama wote wanatoa sauti hivyo muda wote, kama redio.

Kisha akazaliwa ndugu yangu. Alikaa nasi siku tisa. Siku ya kumi nilitoka shule nikakuta wanawake wa kanisa wamejaa jikoni, na jioni hiyo Baba na wazee wawili walichimba shimo dogo kando ya ua, pale chai yetu inapoishia. Wanawake walipika na kuimba kwa siku mbili. Siku ya tatu walirudi kwao, maana chai haingoji mtu. Baba naye akaitwa kazini. Mama akaingia chumbani akalala akiangalia ukuta.

Hakuwa na homa, maana nilimgusa paji la uso kama yeye alivyokuwa akinigusa mimi. Hakuwa na jeraha. Hakula mpaka nimwekee chakula mkononi, na mara nyingi nilikikuta bado mkononi. Jirani yetu alikuja kumkamua ng'ombe. Mimi nilipika ugali uliokuwa na mabonge, nikachota maji, na kila jioni nikakaa mlangoni mwa chumba nikimsikiliza kama anapumua.

Siku moja nilitumwa na jirani kununua chumvi kwa Mama Wanjiru, mwanamke aliyetoka upande wa Murang'a na kufungua duka kwenye senta yetu ndogo ya maduka kabla sijazaliwa. Hakujua Kikipsigis, lugha yetu, ila salamu, kwa hiyo sisi watoto tulienda kwake na Kiswahili chetu cha shule. Aliniuliza habari za nyumbani nikaangalia sakafu. Akaegemea kaunta.

"Mama yako ako na mawazo mingi," akaniambia. "Umwache tu. Usimsumbue."

Nilishukuru sana kupata jibu. Mawazo nilijua ni nini. Mwalimu wetu wa hesabu alikuwa akiandika swali ubaoni na kusema, "Wazeni kwanza. Nyamazeni, wazeni." Darasa lilinyamaza, na mtu akikohoa alitolewa nje, kwa sababu alikuwa anawavuruga wenzake. Basi Mama alikuwa na hesabu kubwa kichwani, kubwa kuliko za darasa la tatu, na ilimbidi aimalize. Akimaliza ataamka. Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha kuna kimya. Nilianza kutembea kwa vidole. Kuku wakilia niliwafukuza hadi mtoni.

Wiki ya tano au ya sita akaja Senge. Senge kwetu ni shangazi, dada wa baba. Huyu aliitwa Rael, na alitoka Sigor, kule Chepalungu, ambako ardhi ni ya ng'ombe na mahindi na hakuna chai. Mume wake alikuwa amefariki mwaka uliotangulia na wanawe wawili walikuwa wameajiriwa mbali. Alifika na godoro lililokunjwa na kufungwa kwa kamba, akaliegemeza ukutani.

"Mama yuko wapi?"

"Amelala. Ana mawazo," nikasema kwa kunong'ona.

"Na wewe unanong'onea nani?" akauliza kwa sauti yake ya kawaida, ambayo ilikuwa kubwa. Halafu akaangalia sufuria yangu ya ugali, akatafuta unga.

Asubuhi iliyofuata, ukungu ukiwa bado umelala juu ya chai, alipasha maji, akayatia kwenye karai na kuliweka kwenye kigoda kando ya kitanda. Alifungua dirisha ambalo halikuwa limefunguliwa tangu mazishi.

"Mama Chebet, kumekucha. Osha uso."

"Niache, Senge," akasema Mama. Yeye pia alimwita Senge, kwa ajili yangu.

"Nitakuacha. Ukishaosha uso."

Mama hakusogea. Senge akakaa kwenye kona ya kitanda, mikono mapajani, kama mtu aliye kanisani. Maji yakapoa. Akaenda kuyapasha tena. Yakapoa tena. Alifanya hivyo mara tatu, bila kulalamika. Mimi nilikuwa nimechelewa shule tayari lakini sikuweza kuondoka. Mara ya nne mkono wa Mama ulitoka kwenye blanketi ukaingia kwenye maji, ukakaa humo. Baadaye akajipaka maji usoni.

"Sasa lala," akasema Senge, akabeba karai akaenda zake.

Ndivyo ilivyoanza. Kwa siku nne au tano hakutaka kitu kingine. Kisha akaongeza: baada ya kuosha uso, Mama akanywe uji nje, akiwa amekaa kwenye kigoda pale jua linapopiga kwanza. Uji ukiisha alikuwa huru kurudi ndani. Wiki iliyofuata Senge alitoka na kikapu cha kuchunia chai mgongoni, amekivaa vibaya, kamba ikimkata shingo, akaingia kwenye chai na kuanza kung'oa majani kama mtu anayekata mboga.

Mama alikuwa kwenye kigoda chake na uji. Alimwangalia muda mrefu.

"Unaharibu," akasema hatimaye.

"Kwetu hakuna chai. Nani amenionyesha?"

"Majani mawili na kichipukizi. Hayo mengine ni makubwa, karani wa kununua chai atayatupa."

"Mimi sioni vizuri. Njoo."

Mama aliweka kikombe chini, akaenda, akachuna labda konzi tatu, akarudi kulala. Kuanzia siku hiyo alichuna kila asubuhi, mstari mmoja tu, Senge akiwa kando yake akikosea. Mchana Senge alimtembeza hadi senta na kurudi, hata kama hawakuwa na cha kununua, na sharti lilikuwa moja, kwamba amsalimie mtu mmoja. Jioni kando ya moto alimuuliza ameona nini siku hiyo.

"Sikuona kitu."

"Hata kuku?"

"Nimeona kuku."

"Wangapi?"

Mama alianza kuhesabu.

Leo naweza kuyaandika haya kwa utulivu. Wakati ule nilikuwa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo tena. Kila Mama alipokaribia kumaliza hesabu yake, mwanamke huyu alikuja na maji, uji, kikapu, kuku wangapi. Tena Mama alianza kulia. Wiki zote zile hakuwa ametoa chozi, na sasa alilia akichuna, alilia kwenye kigoda, na Senge hakumnyamazisha, aliendelea tu na mstari wake. Nilikata shauri kwamba Senge anamtesa mama yangu. Nikaanza kuamka kabla yao ili niuchune ule mstari wa Mama mimi mwenyewe, asiwe na sababu ya kutolewa nje. Majani niliyoyaweka kwenye kikapu yalikuwa na umande na mengi yalikuwa makubwa. Nilipoona Senge anamhamishia tu Mama kwenye mstari mwingine, nilisubiri mwisho wa mwezi.

Baba alipofika nilikuwa nimemngoja barabarani tangu saa tisa.

"Senge anamtesa Mama," nikamwambia hata kabla hajanipa mkate aliokuwa amebeba. "Hamwachi alale. Anamliza kila siku."

Baba alikuwa mpole na alikuwa amechoka. Hakujua la kufanya na mke wake, na nadhani alifurahi kusikia kwamba kuna kitu kimoja anachoweza kukiamua. Nilisimama nyuma ya zizi nikawasikia.

"Rael, mwache apumzike. Mgonjwa hupumzika."

"Alipumzika wiki sita, Kiprono."

"Mtoto anasema analia."

"Ndiyo. Sasa analia. Mwanzo alikuwa halii."

"Mwache kidogo tu," akasema Baba. "Niliomba uje kumsaidia, si kumsukuma."

Senge hakubishana. Alisema ni sawa, alikuwa anataka hata hivyo kwenda kuangalia ng'ombe wake aliowaacha na shemeji yake. Jumatatu asubuhi, Baba akiwa tayari ameondoka, aliniita.

"Asubuhi umpelekee maji aoshe uso. Hayo mengine hata ukiyaacha. Maji tu. Umesikia?"

Nikaitikia kwa kichwa. Sikumpelekea.

Nilifunga dirisha. Nilimwambia Mama, "Lala. Kila kitu nitafanya mimi," naye akalala, na siku ya kwanza nilijiona nimeshinda. Siku ya pili hakuamka hata kunywa uji. Siku ya tatu alikuwa tena na chakula mkononi. Nilijiambia kwamba sasa amefika sehemu ngumu ya hesabu, ile ya mwisho, na nikatembea kwa vidole zaidi.

Alhamisi ilinyesha mvua ya mawe. Sisi wa madarasa madogo tuliachiliwa mapema ilipotulia, na nilipofika nyumbani kitanda kilikuwa kitupu. Nilizunguka jikoni, zizini, mtoni. Nilimkuta kando ya ua, amekaa kwenye udongo pale walipomzika mtoto, leso imemganda mwilini na mawe ya mvua yakiwa bado meupe kwenye nywele zake. Midomo yake ilikuwa imebadilika rangi. Chai yote iliyomzunguka ilikuwa imechanika.

"Mama," nikamwambia. "Umemaliza?"

Aliniangalia kana kwamba nasema lugha ambayo hajawahi kuisikia. Hapo ndipo nilipoogopa. Nilimvuta mkono, ulikuwa mzito na baridi, haukuja. Nikakimbia hadi senta.

Mama Wanjiru hakuwahi kufunga duka mchana, hata siku ya mazishi ya mama yake mzazi alimwachia mtu. Siku hiyo alifunga. Alikuja nami akiwa na gunia kichwani, akapiga magoti kando ya Mama pale kwenye matope, akamkumbatia kiunoni na kumwinua. Alimbadilisha nguo, akamfunika kwa blanketi mbili, akawasha moto mkubwa na kumnywesha chai ya maziwa kijiko kwa kijiko. Alilala kwetu. Kesho yake alimtafuta mfanyabiashara aliyekuwa akienda soko la Bomet, akampa ujumbe wa kufikisha Sigor.

Senge aliingia Jumamosi kabla ya saa sita. Alimwona Mama, akaona dirisha limefungwa, akaona karai limekauka. Akaniita nje. Nilijua nitachapwa na nilitaka nichapwe.

"Maji ulimpelekea?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

Nikamweleza yote. Kwamba Mama ana mawazo, kwamba nilimwacha awaze ili amalize, kwamba yeye ndiye aliyekuwa akimkatiza. Senge alinisikiliza hadi mwisho. Hakucheka. Aliketi kwenye kile kigoda cha Mama, akanivuta nisimame kati ya magoti yake.

"Hayo si kama ya shule," akasema. "Hayana jibu. Ukimwacha nayo peke yake hayaishi, yanamla yeye. Sisi hatuwezi kumtolea. Tunachoweza ni kumpa kitu kidogo cha kufanya leo, na kesho tena hicho hicho, hadi mwili wake ukumbuke njia."

"Na akilia?"

"Alie. Akiwa anachuna."

Halafu akanipa kazi. Nisimfanyie Mama kitu chochote anachoweza kufanya. Kila nikitoka shule nimuombe anifundishe jambo moja, hata kama nalijua.

Siku iliyofuata nilianza na kibuyu cha maziwa lala, yale yaliyoganda. Kibuyu husafishwa ndani kwa kaa la mti maalumu, unasugua kwa ujiti hadi kitoe harufu ya moshi, na mimi nilikuwa nimemwona Mama akifanya hivyo mara mia. Nilikaa karibu na kitanda chake nikauliza jinsi ya kuanza. Hakujibu. Nikaanza mwenyewe, nikamwaga majivu kwenye shuka. Nikachochea kwa nguvu, ule ujiti ukagonga ndani, ko, ko, ko.

"Utakitoboa," akasema.

Nikaendelea.

"Chebet, si hivyo. Nani amekufundisha kushika hivyo? Leta hapa. Umemwaga majivu kila mahali, wewe mtoto."

Alininyang'anya kibuyu. Alikuwa amekaa, miguu chini, uso umekunjwa kwa hasira, akinigombeza kuhusu shuka. Nilimwona Senge amesimama mlangoni, mkono mdomoni, mabega yakitikisika. Sikujua kama anacheka au analia.

Tulirudi kwenye maji, uji, mstari mmoja, salamu moja. Senge alimpeleka pia zahanati, na muuguzi wa pale alimuuliza Mama maswali ambayo hakuna mtu aliyekuwa amemuuliza, anavyolala, anachokiota, kama huwaza kufa. Akamwambia arudi kila mwezi, akarudi. Jumapili walikwenda kanisani. Mzee mmoja wa kanisa aliposema maombi yanatosha, Senge alimjibu kwamba maombi ni ya Jumapili na siku zingine sita nazo zinahitaji kitu. Haikuwa safari iliyonyooka. Kulikuwa na asubuhi ambazo maji yalipashwa mara nne kama siku ya kwanza. Lakini mstari mmoja ukawa miwili, kisha nusu ya shamba, na siku moja kwenye senta ya kununua chai karani alitaka kutupa konzi ya majani yake akisema ni makubwa. Mama alimshika mkono, akayamwaga yote mezani na kumtaka aonyeshe kubwa liko wapi, moja moja, mbele ya watu. Sauti yake ilisikika hadi kwa Mama Wanjiru.

Nilipokuwa mtu mzima nilimuuliza alikuwa akiwaza nini miezi ile. Tulikuwa tukiambua maharagwe.

"Hakuna," akasema. "Watu walisema nina mawazo. Sikuwa na hata moja. Ilikuwa kama ukungu, hauna hata mahali pa kushika." Akaendelea na maharagwe yake.

Baada ya mavuno ya mahindi Senge alisema sasa anarudi kwao. Tulimsindikiza barabarani asubuhi, Mama na mimi. Tulisimama pale magari ya kwenda Bomet yanaposimama, mzigo wake ukiwa chini kati yetu. Walizungumza habari za ng'ombe na bei ya mahindi. Kisha Mama akamuuliza, bila kumwangalia:

"Kule unaamka kwa ajili ya nani?"

"Kuna ng'ombe."

"Ng'ombe wako na shemeji yako."

Senge aliangalia barabara, upande ambao gari lingetokea. Alikuwa mtu wa majibu, na nilingoja jibu lake.

"Tangu mzee afe," akasema polepole, "kulikuwa na siku nilifungua mlango saa sita mchana. Siku zingine sikuufungua. Kiprono alipotuma neno nije huku, nilikuwa sijaongea na mtu siku nne."

Mimi sikuwahi kufikiri hilo. Nilikuwa nimemwona kila alfajiri akiwasha moto, akifungua dirisha, akila uji wake mwenyewe juani kando ya Mama, akimsalimia yule mtu mmoja, na akisema yeye pia ameona nini siku hiyo. Nilidhani yote hayo yalikuwa ya Mama.

Gari likaja, likasimama. Kijana wa mlango akashuka kuchukua mzigo. Mama hakumshika Senge mkono wala hakumsihi. Aliinama, akauchukua mzigo yeye, akauweka kichwani na kuanza kupanda mteremko kurudi nyumbani, bila kugeuka.

"Mama, unaenda ama huendi?" kijana akamuuliza Senge.

Senge alimtazama Mama anavyopanda, akajifunga leso upya kiunoni.

"Siendi," akasema. "Leo ni Jumatatu. Tuna chai ya kuchuna."